Sura ya Herufi na Haki ya Msomaji: Taipografia ya Kiswahili Kutoka Matbaa za Unguja Hadi Kuta za Huruma

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wameandika mengi juu ya tahajia. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na tangu Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, swali la herufi ipi iandikwe kwa sauti ipi limejadiliwa vikaoni, kamusini na katika majarida. Kuna swali la pili, jirani wa hilo la kwanza, ambalo idara zetu hazijalipa uzito unaolistahili. Herufi ikishachaguliwa, itachukua sura gani? Itakuwa kubwa kiasi gani, itakaa wapi, na itaachiwa nafasi gani baina yake na mwenzake? Taaluma inayoshughulikia maswali hayo huitwa taipografia.

Yafaa tuitofautishe taaluma hii na uchapaji. Uchapaji ni kazi ya kuhamisha wino hadi karatasini. Taipografia ni uamuzi unaoitangulia kazi hiyo. Zamani uamuzi huo ulihusu herufi za risasi peke yake. Leo unahusu kila maandishi yanayopangwa kwa ajili ya macho ya watu wengi, yawe ya kitabu, ya gazeti, ya kioo cha simu au ya rangi ukutani. Katika makala haya tutalitumia neno hilo kwa upana huo, kwa sababu sehemu kubwa ya Kiswahili kinachosomwa hadharani katika mitaa ya Nairobi haimo vitabuni.

Dai letu ni moja. Sura na mpango wa maandishi ni sehemu ya ujumbe wenyewe, na anayeamua sura hiyo huwa ameamua pia nani atasoma na ataelewa nini. Tutalithibitisha kwa kuipitia kwa ufupi historia ya herufi zilizotumiwa kukiandika Kiswahili, kisha tutalipima katika mtaa mmoja, yaani Huruma, ulioko Eastlands karibu na Barabara ya Juja, baina ya Mathare na Kariobangi. Tumeuchagua mtaa huo kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtaa wa majumba marefu ya kupangisha yaliyobanana, na kuta zake zimejaa maandishi. Pili, ni mtaa ambao ndani yake herufi moja iliyoandikwa vibaya, au isiyofafanuliwa, huweza kuwa jambo la uhai na kifo.

2. Kalamu, risasi na jiwe

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Utendi wa Tambuka, ambao hutajwa kuwa wa 1728, ni miongoni mwa tungo kongwe tulizo nazo katika hati hizo. Aghalabu mwandishi wa utenzi aliviandika vipande vinne vya ubeti katika mstari mmoja, akavitenga kwa alama ndogo au kwa nafasi, na jicho la msomaji likauona ubeti mzima kwa mara moja. Tungo hizo zilipoanza kuchapwa kwa herufi za Kirumi, wahariri wengi walivipanga vipande vinne kimoja chini ya kingine. Hakuna neno lililobadilika, wala mizani, wala kina. Hata hivyo umbo la ubeti lilibadilika kabisa. Uliokuwa mstari mrefu wenye vituo vitatu ukawa ngazi fupi ya vidaraja vinne. Mwanafunzi wa leo anayeambiwa kuwa utenzi una mistari minne mifupi anafundishwa kwa sehemu uamuzi wa mpanga chapa. Vivyo hivyo, mabishano ya miaka ya 1970 juu ya shairi huru, yaliyopamba moto baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, yalikuwa pia mabishano juu ya karatasi. Shairi lisilo na vina wala urari wa mizani huitegemea sana nafasi nyeupe inayomwonyesha msomaji mahali pa kutua, na nafasi hiyo ni kitu cha taipografia.

Herufi zinazohamishika hazikuanzia Ulaya. Bi Sheng alitengeneza za udongo huko Uchina katika miaka ya 1040, na Wakorea walikwisha chapa kitabu kwa herufi za madini mwaka 1377. Gutenberg wa Mainz, aliyemaliza Biblia yake yapata 1455, alivikusanya pamoja vitu vitatu: kalibu ya kusubu herufi nyingi zilizo sawasawa, wino mzito wa mafuta, na shinikizo la skrubu. Msingi wa uvumbuzi wake ni rahisi kuueleza: tayarisha mara moja, tumia mara nyingi. Tutaurudia msingi huo mwishoni mwa makala.

Kwa nini basi hati za Kiarabu zilichelewa kuingia matbaani? Sababu mojawapo imo katika maumbile ya hati zenyewe. Herufi ya Kirumi husimama peke yake. Herufi ya Kiarabu hushikana na jirani yake, na hubadilika sura kwa kutegemea ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, hivyo sanduku la mpanga chapa huhitaji vipande vingi zaidi vya risasi. Ibrahim Müteferrika alianza kuchapa mjini Istanbul katika miaka ya 1720, na matbaa ya Bulaq ilianzishwa Cairo mnamo 1820. Baina ya tarehe hizo mbili, mwishoni mwa miaka ya 1790, Senefelder wa Ujerumani alivumbua uchapaji wa jiwe. Njia hiyo iliyachapa maandishi ya mkono jinsi yalivyo, bila kuyakatakata kuwa vipande. Ndiyo maana ilipendwa sana Bara Hindi na Uajemi, ambako mwandiko mzuri ulihesabiwa kuwa sehemu ya heshima ya kitabu.

Unguja ilizipokea njia hizo kwa mikono miwili tofauti. Wamisionari wa UMCA, akiwamo Edward Steere aliyefika 1864, walileta matbaa ya herufi za Kirumi na kuwafunza upangaji chapa vijana waliokombolewa utumwani. Mapema katika miaka ya 1880 Sultani Barghash naye alikuwa na matbaa yake, iliyotoa vitabu vya Kiarabu. Kwa hiyo katika mji mmoja, kwa wakati mmoja, kulikuwa na masanduku mawili ya herufi, na kila moja lilikuwa na wasomaji wake. Sanduku la wamisionari ndilo lililokichukua Kiswahili na kukipeleka shuleni na serikalini. La pili halikufa mara moja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipotoa Sahifa mwaka 1930 alitumia Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Alipotoa Al-Islah mwaka 1932, Kiswahili chake kilikuwa kimehamia upande wa herufi za Kirumi. Katika muda wa miaka miwili mwanachuoni huyo alikuwa amekwisha pima wasomaji wake walikuwa wakiangalia wapi.

3. Sanduku la Mwingereza

Alfabeti tuliyoirithi ina sifa moja kubwa: haina hata herufi moja isiyopatikana katika sanduku la mchapaji wa Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ilipendekeza alfabeti iliyokuwa na alama mpya, kama ŋ kwa sauti ya kwanza ya neno ng'ombe. Kiswahili Sanifu hakikuzichukua alama hizo. Kilitosheka na ch, sh, th, dh, gh, ny na ng', vyote vikijengwa kwa vipande vilivyokwisha kuwapo. Hatuna budi kukiri faida ya uamuzi huo. Gazeti la Kiswahili liliweza kupangwa kwa mashine ile ile iliyopanga gazeti la Kiingereza, na barua ya Kiswahili ikapigwa kwa taipureta yoyote ya ofisini. Baraza, lililoanza kutoka Nairobi mwaka 1939, na Taifa, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, yalizaliwa bila kudai risasi mpya.

Faida hiyo ilikuwa na bei yake. W. E. Taylor, katika mkusanyo wake wa methali wa 1891, alizitumia alama za ziada kuonyesha tofauti ambazo sikio la Mmombasa huzisikia, kama ile baina ya paa la nyumba na paa mnyama, ambaye p yake hutamkwa kwa mpumuo. Tahajia Sanifu iliziacha tofauti hizo, na mchapaji hakuwa na sababu ya kuzililia.

Bei ya pili imo katika hesabu. Watengenezaji wa herufi za risasi waliuza seti zilizopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza, ambamo e hutumika kuliko herufi nyingine zote. Hebu tuchukue tangazo la kawaida ambalo mwenye nyumba wa Huruma angeweza kulibandika mlangoni: "Wapangaji wanatakiwa kulipa kodi kabla ya tarehe tano." Sentensi hiyo ina herufi 46. Kati ya hizo, a zimo 13 na e zimo 2 tu. K zimo 4 na w zimo 3. Mpanga chapa mwenye seti ya Kiingereza angeishiwa na a kabla hajafika nusu ya ukurasa, huku chumba cha e kikibaki kimejaa, na vyumba vya q na x havijaguswa. Isitoshe, w na m ni miongoni mwa herufi pana kuliko zote katika alfabeti ya Kirumi, nazo ni nguzo za viambishi vyetu. Ukurasa wa Kiswahili, kwa hiyo, una rangi yake na upana wake. Mtu anayechagua sura ya herufi kwa kutazama kielelezo cha Kiingereza hajakiona bado Kiswahili kitakavyokaa.

Bei ya tatu ni ile ya ng'. Kialama kile cha juu si alama ya kunukuu wala si dalili ya herufi iliyodondoshwa; ni sehemu ya konsonanti. Ukikiondoa, ng'oa huwa ngoa, na kitendo cha kung'oa huwa wivu. Mashine hazilijui jambo hilo. Programu ya kompyuta hukigeuza kialama hicho kuwa mkia wa nukuu, na anwani za intaneti haziwezi kukibeba kabisa, hivi kwamba Murang'a hulazimika kuandikwa kana kwamba hutamkwa vinginevyo.

Walioumia zaidi ni majirani zetu. Kikuyu na Kikamba hutofautisha i na ĩ, u na ũ. Tofauti hizo ni za irabu, nazo hubadili maana. Mfumo wa herufi za kompyuta ujulikanao kama ISO 8859-1, uliotolewa 1987, uliziingiza ã na õ za Kireno na ñ ya Kihispania, lakini uliziacha ĩ na ũ. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha toa Caitaani Mũtharaba-inĩ miaka saba kabla yake. Mfumo wa Unicode wa 1991 ndio uliozipa herufi hizo makao. Hata hivyo mazoea yalikuwa yamekwisha kuota mizizi, na hadi leo ramani na vibao vya barabara huandika Kirinyaga, ambapo tahajia ya wenyewe ni Kĩrĩnyaga. Hapa ndipo tunapoona kwamba sanduku la herufi si chombo tu. Lugha ambayo alama zake zimo sandukuni huandikwa kamili, na ile ambayo alama zake hazimo huandikwa nusu.

4. Kuta za Huruma

Sasa tuitoke matbaa tuingie mtaani. Maandishi ya Huruma yamepitia mikononi mwa watu wa aina tatu: mwandishi wa vibao anayetumia brashi, kampuni inayoleta rangi na nembo yake, na ofisa anayekuja na mkebe wa kupuliza rangi. Kila mmoja ana taipografia yake.

Mwandishi wa vibao ndiye mrithi wa kweli wa mpanga chapa. Hupiga mistari miwili ya chaki, huhesabu herufi, kisha huigawa nafasi aliyo nayo. Tatizo lake kubwa ni la kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake kiima, wakati na mara nyingine yambwa. Kwa hiyo neno lake ni refu. KINYOZI hukaa vizuri juu ya mlango mwembamba. TUNATENGENEZA, lenye herufi 13, halikai. Asiyehesabu mapema huanza kwa herufi pana zenye kujidai, na afikapo ukingoni huzibana kama abiria wa jioni. Huenda hiyo ikawa mojawapo ya sababu za vibao vingi kupenda nomino fupi za mkopo. Suala hilo lingefaa kuchunguzwa na wanaisimu jamii kwa futi ya kupimia, pamoja na hojaji zao.

Pakihitajika kulikata neno, Kiswahili kinatoa kanuni nyepesi, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu: kata baada ya irabu, wala usitenganishe konsonanti zinazotamkwa pamoja. Wapa-ngaji ni sahihi. Wapan-gaji si sahihi. Waandishi wengi wa vibao huifuata kanuni hiyo kwa sikio tu. Kompyuta zilizowekewa kanuni za Kiingereza huweza kuivunja hata katika vitabu vya shule, na wahariri wetu wakaiachia ipite.

Mwandishi wa vibao amefanya uchaguzi mwingine unaostahili kutajwa. Herufi zisizo na nyayo, yaani zisizo na vijistari vidogo miguuni, zilionekana kwanza katika kielelezo cha William Caslon wa nne huko London mwaka 1816, na zikaenea kwa matangazo. Huruma nayo huzipenda kwa sababu huonekana kutoka mbali na hupakika upesi. Aidha, huandika karibu kila kitu kwa herufi kubwa. Hapo kuna hasara: kialama cha ng' hukosa mahali pa kukaa chini ya mstari wa chaki, na alama za ĩ na ũ hukatwa na ukingo wa bati.

Magari ya abiria yanatufundisha tofauti yenye manufaa. Tangu zamani matatu za Eastlands zimepambwa kwa majina yaliyopindwa na kutiwa vivuli hadi yakawa picha. Kanuni za 2004, zilizolazimisha mstari wa manjano ubavuni, zilipunguza mapambo hayo kwa muda, kisha yakarudi. Lakini katika kioo cha mbele cha gari lilo hilo utakuta jina la mtaa linakokwenda, limeandikwa kwa herufi wazi kabisa. Mwenye gari amejua, bila kufundishwa na chuo chochote, kwamba kuna herufi ya kuonwa na kuna herufi ya kusomwa. Jina la gari linaweza kuwa fumbo, lakini mahali liendako hapawezi.

Aina ya pili ya maandishi ni ya kampuni. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, maduka mengi yamevikwa rangi ya kijani kutoka msingini hadi paani, na kampuni nyingine za simu, soda na maziwa hufanya vivyo hivyo kwa rangi zao. Sura ya herufi zao imeamuliwa mbali, nayo ni ile ile Huruma na Kisumu. Jina la mwenye duka husukumwa hadi kwenye utepe mwembamba wa juu, na mwandishi wa vibao hubaki kuwa mpaka rangi wa kufuata mfano. Hatusemi kuwa herufi hizo ni mbaya. Nyingi ni safi na husomeka. Tunasema kwamba mtaa umepoteza uamuzi juu ya ukuta wake, na mwenye duka amekuwa mgeni katika kibao chake.

5. Herufi isiyo na kitenzi

Aina ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto liliporomoka Huruma na kuua watu wapatao 50. Maofisa walisema lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyotakiwa kubomolewa. Baada ya maafa hayo majengo mengi ya eneo hilo yalipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Alama hiyo imezoeleka sana Nairobi, hata kitenzi kimezaliwa: nyumba "imepigwa eksi".

Tuichunguze alama hiyo kama tunavyochunguza matini yoyote. Jambo la kwanza ni kwamba X haimo katika alfabeti ya Kiswahili Sanifu. Jambo la pili ni kwamba haina maana moja. Katika daftari la mwanafunzi X ni kosa. Katika hesabu ni kiasi kisichojulikana. Katika hati ya zamani ni saini ya asiyejua kuandika. Katika karatasi ya kura huweza kuwa alama ya mtu uliyemchagua. Ukutani imetumiwa kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: wakaguzi huipiga katika jengo linaloweza kuanguka, na mamlaka za barabara huipiga katika kibanda kilichoingia katika hifadhi ya barabara. Ya kwanza inasema, "Nyumba hii itakuua." Ya pili inasema, "Nyumba hii imetuzuia njia." Mpangaji aliyekwisha ona mara nyingi alama ya pili ana haki ya kuidhania ya kwanza kuwa ugomvi baina ya serikali na mwenye nyumba, ugomvi ambao yeye haumhusu mradi amelipa kodi.

Jambo la tatu ni la kisarufi, na ndilo zito kuliko yote. X haina kitenzi. Tulinganishe na neno moja tu la Kiswahili: LITABOMOLEWA. Kiambishi li- kinatuambia ni jengo linalozungumziwa. -Ta- inatupa wakati ujao. Mzizi unatupa tendo. Na kauli ya kutendwa inatuonyesha kwamba yuko atakayelibomoa. Ukisema LITAANGUKA, unabadilisha mzizi na kauli, na msomaji anajua papo hapo kwamba hatari haimsubiri mbomoaji. Maarifa yote hayo, ambayo mtoto wa Huruma anayo kabla hajaingia shuleni, yameachwa nje ya alama ya X. Ni herufi ya kuonwa iliyopewa kazi ya herufi ya kusomwa.

Yupo atakayesema kwamba X ni ya haraka, kwamba wakaguzi ni wachache na majengo ni mengi, na kwamba alama humfaa hata asiyejua kusoma. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Lakini alama humfaa asiyesoma pale tu maana yake inapokuwa moja, na tumekwisha ona kuwa maana ya X si moja. Isitoshe, haraka si kisingizio cha ububu. Baada ya kimbunga cha Katrina mwaka 2005, vikosi vya uokoaji vya Marekani vilipiga X katika nyumba za New Orleans vilevile. Lakini pembe nne za X hiyo zilijazwa maandishi: tarehe, jina la kikosi, hatari zilizomo, na idadi ya watu waliopatikana. Pale X ilikuwa fremu ya habari. Huku kwetu fremu imeachwa tupu.

Ushahidi mwingine tunao karibu zaidi. Kote Nairobi raia wanaoogopa matapeli wa viwanja huandika ukutani PLOTI HII HAIUZWI. Ni sentensi kamili yenye herufi 15: ina nomino, kivumishi kionyeshi, na kitenzi katika kauli ya kutendwa na hali ya kukanusha. Anayeiandika aghalabu hana zaidi ya mkebe wa rangi na brashi. Kama mwenye ploti anaweza kuilinda ardhi yake kwa sentensi kamili ya Kiswahili, ni vigumu kuelewa kwa nini uhai wa wapangaji ulindwe kwa mikwaju miwili iliyopishana. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukuta wa Huruma ni mahali pazuri pa kuanza kukitekeleza kifungu hicho.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kila hatua ya taipografia ya Kiswahili ilikuwa pia hatua ya kuamua nani asome. Mstari wa utenzi ulipokatwa, msomaji wa ushairi alifundishwa umbo jipya. Sanduku la Kiingereza lilipokubaliwa, Kiswahili kilipata njia pana, na baadhi ya sauti za Mombasa zikakosa alama. ĩ na ũ zilipoachwa nje ya mfumo wa 1987, majina ya watu na mahali yaliandikwa nusu. Na X ilipopigwa Huruma bila neno, wenye kuhitaji habari zaidi ya wote ndio waliopewa habari kidogo kuliko wote.

Mapendekezo yetu ni matatu. La kwanza ni kwamba idara za lugha zifundishe taipografia pamoja na tahajia, ili mhariri wa Kiswahili ajue kukata neno, kuilinda ng' na kuchagua sura ya herufi kwa kutazama ukurasa wa Kiswahili wenyewe. La pili ni kwamba kazi za waandishi wa vibao wa Eastlands zipigwe picha na kuhifadhiwa kama tunavyohifadhi miswada, kabla bango la plastiki lililochapwa kwa kompyuta halijazifuta. La tatu ni la haraka: vikatwe violezo vya bati vyenye sentensi, na kila mkaguzi apewe chake. JENGO HILI SI SALAMA. HAMENI. Ni herufi 23 tu. Hakuna ng' ya kupotea wala x ya kubahatisha, na chini yake ibaki nafasi ya tarehe na ya jina la ofisi iliyoandika. Kiolezo hutayarishwa mara moja na kutumika mara nyingi. Huo ndio msingi wa Gutenberg, wenye umri wa karne tano na zaidi, nao hauhitaji umeme wala kompyuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa ni kazi ya wahandisi. Kuuandika ufa huo ili mpangaji wa ghorofa ya tano ausome na kuuelewa angali na muda wa kushuka ngazi ni kazi ya watu wa lugha, na hatuwezi kumwachia mwenye mkebe wa rangi peke yake.